Naomba ushauri: rangi za grafu ya Kilimanjaro zinafuata kimo badala ya joto

Kibo_Usiku: Wakuu, salaam. Ninauchora Mlima Kilimanjaro kwa lugha ya Python na maktaba yake ya kuchora grafu, Matplotlib, kama grafu ya uso yenye vipimo vitatu, ambamo rangi zinapaswa kuonyesha joto. Hata nikitumia mpangilio wa rangi wa jet au wa viridis, mlima unapakwa matabaka yaleyale kuanzia chini hadi mita 5,895. Nitawasilisha wiki ijayo na sipati usingizi.

Mfuma_Data: Ukiiwekea cmap (jina la mpangilio wa rangi) peke yake, amri ya plot_surface hupaka rangi kwa kufuata Z, yaani kimo, wala haina habari na joto lako. Kokotoa rangi mwenyewe kutokana na joto (T), kisha uikabidhi kupitia facecolors:

`norm = Normalize(T.min(), T.max())`
`ax.plot_surface(X, Y, Z, facecolors=cm.viridis(norm(T)), shade=False, rcount=200, ccount=200)`

Usiache shade=False, kwani vinginevyo kivuli hutia rangi giza zisilingane na kipimo cha pembeni. Usipotaja rcount na ccount (idadi ya safu za kuchora kila upande), data hupunguzwa hadi safu 50 tu kila upande.

Bi_Nukta: Mimi nimeishia kwenye neno jet. Programu ya MATLAB iliiondoa kuwa rangi ya kawaida mwaka 2014, Matplotlib ikafuata mwaka 2017. Mume wangu hatofautishi nyekundu na kijani, na nilipomwonyesha ramani yangu ya mvua yenye rangi za jet alisisitiza kwamba Tanga na Dodoma zinanyeshewa sawa.

Kibo_Usiku: Ahsanteni. Nimetumia facecolors, lakini matabaka ni yaleyale. Jet siiachi, dada, kwa sababu msimamizi wangu ameizoea na bango liko tayari kwa mchapaji.

Mzee_Gridi: Nina shaka na kisa hiki. Vimo vya SRTM (data ya rada ya vimo vya ardhi), vilivyopimwa kutoka chombo cha anga cha Endeavour mwezi Februari 2000, vipo kwa kila mita 30 hivi, ilhali vituo vya kupima joto mlimani ni vya kuhesabika. Joto la kila nukta umelitoa wapi, kama si kwamba umetutungia hadithi ili tukufanyie zoezi la darasani?

Kibo_Usiku: Si hadithi, mzee wangu. Nimelikokotoa kutokana na kimo, kwa kupunguza nyuzi 6.5 kila mita 1,000. Kanuni hiyo imo vitabuni, ndiyo maana sikuona haja ya kuitaja.

Pilipili_Hoho: Kumbe mkuu ameupaka mlima rangi ya mlima!

Mfuma_Data: Basi msimbo hauna kosa. T yako ni Z iliyopinduliwa, na ukiipaka kwa jet_r (jet iliyogeuzwa) utapata picha ileile ambayo jet ingekupa kwa kimo. Tafuta kitu kilichopimwa chenyewe, kama joto la ardhi la setilaiti, au mvua, ambayo miteremko ya kusini hupata nyingi kuliko ya kaskazini. Kisha ulinganishe gridi yake na ya Z kabla ya kuchora.

Kibo_Usiku: Mvua si mada yangu, na la setilaiti halitakamilika kwa wiki moja. Nitaandika kwenye bango kwamba joto limekadiriwa kutokana na kimo.

Bi_Nukta: Na jet?

Kibo_Usiku: Jet inabaki, dada.