Ulaya waache kutuhubiria sheria za kimataifa, Goma wameitazama ikianguka

Wakuu, nimechoka. Balozi wa Ulaya akishika kipaza sauti tu, utasikia mipaka ya nchi iheshimiwe, haki za binadamu zilindwe. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, vikwazo vilimiminika ndani ya siku chache. Sawa kabisa, uvamizi ni uvamizi. Kongo je?

Tarehe 19 Februari 2024 Umoja wa Ulaya ulitia saini na Rwanda hati ya makubaliano kuhusu madini muhimu, tantalamu ikiwemo. Wakati huo waasi wa M23 wa mashariki mwa Kongo wanapigania mji wa Sake, jirani na Goma, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walishaandika zaidi ya mara moja kwamba jeshi la Rwanda liko nao vitani. Hakuna aliyekuwa hajui! Haukupita muda, M23 wakaichukua Rubaya, kule Masisi, ambako watu wanachimba koltani (mawe yanayotoa hiyo tantalamu) kwa sururu na koleo. Wataalamu walewale wakaeleza mchezo ulivyo: waasi wanatoza ushuru wa kama dola 800,000 kwa mwezi, tani 120 hivi zinavushwa kila mwezi kwenda Rwanda, zinachanganywa na madini ya huko, zinaingia sokoni na karatasi safi. Novemba 2024 Ulaya ikaidhinisha tena euro milioni 20 kwa ajili ya jeshi la Rwanda lililoko Msumbiji. Jeshi hilohilo. Januari 2025 Goma, mji mkubwa wa mashariki mwa Kongo, ikaanguka mikononi mwa M23.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa wanaijua. M23 waliiteka Goma Novemba 2012, wafadhili wakazuia misaada kwa Rwanda, kisha brigedi ya Umoja wa Mataifa yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi ikaingia kazini na jeshi la Kongo. Novemba 2013 M23 wakaweka silaha chini. Safari hii Baraza la Usalama limesubiri mpaka mji wa Bukavu nao umekwenda, ndipo tarehe 21 Februari 2025 likapitisha azimio namba 2773 la kuitaka Rwanda iondoe majeshi yake. Bunge la Ulaya lenyewe lilishataka ile hati isimamishwe, wakubwa wa Brussels wakajibu wanaipitia upya. Wanapitia nini?

Na viongozi wetu wasijifiche. EAC na SADC walikutana Dar tarehe 8 Februari 2025, askari wa JWTZ wameuawa huko Kongo siku chache tu nyuma, na bado tamko lao halikuthubutu kuitaja Rwanda kama mvamizi. Aibu!

Najua watakuja watu hapa na hoja ya FDLR, kwamba Rwanda inajilinda tu dhidi ya waasi hao Wahutu wa Rwanda waliojificha Kongo. FDLR wapo, na jeshi la Kongo limeshirikiana nao, hilo nalo limo kwenye ripoti. Haya, nijibuni: kuwasaka FDLR kunahitaji kutoza ushuru wa koltani Rubaya? Kunahitaji M23 kuweka gavana wao Goma?