Gumzo la familia: Sweta ya Babu

Wambui (Nakuru): Habari za jioni, familia. Ningependa kumfumia Babu sweta ya sufu yenye vifungo kabla ya baridi ya Julai kule Molo, kwa maana aliyo nayo hupanda mgongoni anapoketi, na vifungo vya tumboni vinavutana. Nimeona uzi mzuri wa kijivu mjini. Shangazi, nianzie wapi?

Shangazi: Wambui, ubarikiwe kwa wazo hilo. Uzi usubiri kwanza. Anza na Babu mwenyewe. Mpime akiwa amevaa fulana na shati lake la kila siku. Chukua mzunguko wa kifua na wa tumbo, kisha upana wa mgongo kutoka mfupa wa bega moja hadi wa pili. Kwenye mzunguko ulio mkubwa zaidi ongeza sentimita 8 hadi 10 ili anyooshe mikono bila kubanwa, lakini mabegani usiongeze kitu, kwa kuwa uzito wote wa sweta huning'inia hapo, na mshono ukishapita mfupa, mkono mzima hushuka ukafunika vidole.

Kamau (Kisumu): Shangazi, kwani hawezi kufuata tu idadi ya vitanzi iliyoandikwa kwenye kijitabu cha mitindo?

Shangazi: Idadi hiyo inafaa ikiwa mkono wake unakaza uzi sawasawa na wa aliyeiandika, jambo ambalo ni nadra. Wambui, fuma kipande cha sentimita 15 kwa 15 kwa uzi na sindano utakazotumia, ukifue, ukikaushe, ndipo uhesabu vitanzi katika sentimita 10 za katikati. Tuseme kabla ya kufua ulipata vitanzi 20, na baada ya kufua, sufu ikiwa imelegea, ukapata 19. Kwa sweta ya sentimita 110, hesabu ya kwanza itakupa vitanzi 220, na ya pili 209. Ukifuma vile 220, sweta itakapofuliwa itafika karibu sentimita 116. Kitanzi kimoja tu katika kipimo kimezaa sentimita 6! Ndiyo maana nawasihi wafumaji wote wasiruke hatua hii, hata wawe na haraka kiasi gani.

Wambui: Nimeelewa. Na hilo la kupanda mgongoni?

Shangazi: Mgongo wa Babu umepinda kwa umri, kwa hivyo kitambaa cha nyuma kina safari ndefu kuliko cha mbele. Ukifika sehemu ya juu ya mgongo, fuma safu fupi chache: unafuma katikati tu, unageuza kabla ya kufika ukingoni, kisha unarudi. Zitaongeza sentimita 2 au 3 pale mgongo ulipoinuka, huku kingo za kushonea zikibaki na urefu wake. Sweta nyingi za dukani hazina kitu hicho, na wazee wetu wanapata baridi kiunoni bure.

Baba Wambui: Mimi naona akriliki ingekuwa rahisi kufua, kwa sababu sweta yangu ya sufu ilisinyaa ikawa ya mtoto.

Shangazi: Kaka, sufu ina magamba madogo sana ambayo hushikana yakipata maji moto na kusuguliwa. Ifuliwe kwa maji ya vuguvugu, ikamuliwe ndani ya taulo bila kusokotwa, kisha ilazwe mahali tambarare kivulini. Isianikwe kwenye kamba, kwani maji huivuta ikarefuka. Kwa baridi ya Molo sitabadilisha sufu, maana hata ikipata unyevu wa ukungu bado huhifadhi joto.

Wambui: Basi Jumamosi nitapanda Molo kumpima.

Shangazi: Vyema. Ukirudi, nunua uzi wote kwa mara moja, na uhakikishe kila donge lina nambari ileile ya awamu ya kutiwa rangi, la sivyo utaona mstari pale madonge yanapobadilika. Mikono yote miwili ya sweta uifume sambamba kwenye sindano moja, kila mkono na donge lake, ndipo itoke sawa. Matundu ya vifungo yawe upande wa kushoto, kama ilivyo desturi ya sweta za wanaume.

Wambui: Asante, Shangazi. Jumamosi jioni nitaviandika vipimo vyake hapa ili uvikague kabla sijanunua uzi.