Bili ya kodi ya halmashauri ina mstari wa zimamoto, naombeni ushauri

MamaZuu
Habari zenu wakubwa. Nina miezi mitatu hapa Reading, Uingereza, nimepanga flati, naishi na binti yangu wa miaka 9. Bili ya kodi ya halmashauri (council tax) imekuja imegawanywa: halmashauri, polisi, halafu Royal Berkshire Fire Authority, yaani zimamoto ya huku. Nyumba si yangu, kwa nini zimamoto nilipie mimi? Tena kuna mtu aliniambia wakija wanakutoza, bora umwage maji mwenyewe. Juzi mafuta yakashika moto kikaangoni nikaogopa kupiga 999, namba ya dharura. Nilifunika na mfuniko, yakazimika. Mpaka leo sijatulia.

Mtanga_Ughaibuni
Pole sana dada. Huyo mtu amekupotosha vibaya. Kuzimiwa moto nyumbani huku hulipi hata senti. Na mafuta yanayowaka hayamwagiwi maji kamwe, yanalipuka yakakuunguza uso. Siku nyingine mchukue mtoto, funga mlango, tokeni, piga simu.

BintiKisauni
Kodi hii humfuata anayeishi ndani, si mwenye nyumba. Ila wewe ndiye mtu mzima pekee hapo, kwa hiyo una haki ya punguzo la asilimia 25 kwa bili yote, pamoja na huo mstari wa zimamoto. Omba leo. Angalizo: kama viza yako inakukataza misaada ya serikali, punguzo hili halina shida, lakini nafuu ya kipato kidogo usiiguse, hiyo huhesabiwa ni msaada.

Mzee_wa_Leeds
Kulipia zimamoto sina ugomvi nako. Kinachoniuma ni madaraja ya kodi hii. Nyumba bado zinawekwa kwenye daraja kwa thamani yake ya Aprili 1991: daraja A mwisho pauni 40,000, H zaidi ya 320,000. Ya H ina thamani mara nane na zaidi ya A, kodi mara tatu tu! Scotland tangu 2013 wana kikosi kimoja cha zimamoto kinachogharamiwa na serikali yao, na mimi naona ni haki zaidi kwa mpangaji.

BintiKisauni
Mzee, hapo nakuunga mkono. MamaZuu, ving'ora vya moshi vipo? Sheria inamtaka mwenye nyumba aweke kila ghorofa.

MamaZuu
Asanteni sana jamani. Nimebonyeza cha koridoni, kimya. Nimeshamwandikia mwenye nyumba, na fomu ya punguzo naijaza usiku huu Zuu akilala.