Mashine ya kushtua moyo kwenye ndege za mizigo: iwe lazima au ibaki hiari?

Kipanga wa Embakasi
Wakuu, hili limenikaa rohoni. Marekani, ndege kubwa za abiria zinalazimika kubeba mashine ya kushtua moyo tangu Aprili 2004. Ila sharti linataja ndege yenye angalau mhudumu mmoja wa abiria. Ndege ya mizigo haina mhudumu, ikaponea hapo. Sasa rubani anayetoka uwanja wa JKIA, Nairobi, na maua kwenda Amsterdam, moyo wake ni wa chuma? Kila dakika bila kushtuliwa inakula asilimia 7 hadi 10 ya nafasi ya kupona. Ukiwa juu ya Sahara utatua wapi ndani ya dakika kumi? Mimi nasema iwe lazima.

Mla Mbivu
Huku kwetu zahanati haina hata kipima presha kinachofanya kazi, wewe unalilia marubani. Haya.

Kipanga wa Embakasi
Sasa zahanati yenu imeingiaje hapa, ndugu? Mashine yenyewe ni kilo mbili tatu, ndege inabeba tani mia.

Waridi Jekundu
Boksi la waridi lina kifaa chake cha kurekodi joto kutoka shambani hadi mnadani. Ua likipata homa, Ulaya nzima inajua. Rubani akipata, ni yeye na Mola wake 😂

Nesi wa Zamu
Tuelewane kidogo. Mashine hii haifufui kila aliyeanguka. Moyo ukishakuwa mstari ulionyooka, yenyewe inakataa kushtua. Kazi yake ni pale moyo unapotetemeka ovyo bila kusukuma damu. Kuitumia si kazi ngumu, inaongea: bandika hapa, usimguse mgonjwa, bonyeza. Qantas, shirika la ndege la Australia, walianza kubeba 1991, kabla Marekani haijalazimisha mtu.

Betri Moto
Na hiyo mashine inatumia betri za nini? Lithiamu! Mmesahau ile ndege ya mizigo, Boeing 747 ya kampuni ya UPS, iliyoanguka Dubai 2010 kwa moto wa betri?

Nesi wa Zamu
Ile ilikuwa shehena ya betri huko kwenye paleti, kaka. Na simu uliyoandikia hapa inatumia mafuta ya taa?

Hesabu Kali
Mnakwepa swali lenyewe. Ndege nyingi za mizigo zina marubani wawili tu. Mmoja akizimika, utaratibu ni kumbana na mkanda wa mabega na kusogeza kiti nyuma asije akaangukia usukani. Wa pili ndiyo anarusha ndege, anaongea na mnara, anatafuta pa kutua. Nani atamvuta mtu wa kilo 90 kwenye upenyo ule kati ya kiti na vishikio vya injini, amlaze, amchane shati, amkandamize kifua? Bila mikono ya mtu wa tatu mashine ni pambo. Na msiniambie kuna lodimasta, yule msimamizi wa upakiaji wa mizigo. Hao ni wapakizi tu, si wote wanapanda, na wakipanda wanalala.

Mzee wa Paleti
Wapakizi tu?
Kijana, mimi nimestaafu kazi hiyo. Rubani hakuwa anawasha injini kabla sijampa karatasi ya mizani. Uzito ukielemea mkiani, hata awe malaika, ndege haimtii. Kawaulize waliokufa Bagram, Afghanistan, Aprili 2013. 747 imebeba magari ya kivita matano, imenyanyuka, gari likachomoka likarudi nyuma. Wote saba wakafa. Usiniletee "tu".

Hesabu Kali
Shikamoo mzee. Asante kwa mfano. Yale magari yalifungwa na nani? Rubani?

Mzee wa Paleti
Lodimasta naye alikufa mle ndani, unaongea hivyo juu ya marehemu? NTSB, wachunguzi wa ajali wa Marekani, walilaumu taratibu za kampuni, mikanda isiyotosha, na FAA, mamlaka ya anga ya huko, kwa usimamizi hafifu. Soma kabla hujafungua mdomo.

Binti Pwani
Jamani, saba! Marubani wanne, mafundi wawili na lodimasta. Si ndiyo mikono ya tatu, ya nne na ya tano mnayoitafuta? Safari ndefu kama hizo mashine ingekuwa na watu wa kuitumia.

Hesabu Kali
Mzee, sijamtukana marehemu. Nimesema lodimasta si rubani. Hilo nalo ni tusi?

Mzee wa Paleti
Umesema tunalala.

Mla Mbivu
Hata marubani wanalala. Sheria mpya ya mapumziko Marekani ilipoanza 2014 wa mizigo waliachwa nje. Sababu waliyopewa? Gharama. Mtaniambia hao hao watanunua mashine?

Betri Moto
Dawa ni kuwastaafisha mapema. Zamani mwisho ulikuwa miaka 60, wakasogeza hadi 65. Unampa babu ndege usiku wa manane halafu unashangaa moyo unasimama.

Mzee wa Paleti
Babu yako anakulipia ada, heshimu.

Waridi Jekundu
Yani Betri Moto leo hana rafiki 😂

Kipanga wa Embakasi
Mimi niliuliza iwe lazima au hiari, mpaka sasa hata Hesabu Kali hajamjibu Binti Pwani.

Hesabu Kali
Nitamjibu mzee akiacha kunisingizia.

Mzee wa Paleti
Nani anakusingizia? Maneno yako yapo hapo juu, hujayafuta.

Mama Naima
Samahani wapendwa, mimi ni mpita njia. Mzee, hiyo kozi ya ulodimasta inasomewa wapi na ada ni kiasi gani? Kijana wangu amemaliza kidato cha nne, yupo tu nyumbani.

Mzee wa Paleti
Nitumie ujumbe pembeni, mama. Hesabu amepata ngapi?