Acheni kusema "si alisaini mwenyewe"! Solomon Linda alidhulumiwa

Wakuu, nina hasira. Juzi mtangazaji wa redio moja kapiga The Lion Sleeps Tonight, akasema bila aibu kwamba ni wimbo wa Disney. Nikamwandikia kumsahihisha kwamba melodi ni ya Solomon Linda. Jibu lake: "Huyo mzee si alisaini mwenyewe?" Na wasikilizaji kibao wakamuunga mkono.

Haya, tuambiane alisaini nini.

Solomon Linda alikuwa Mzulu wa Msinga aliyehamia Johannesburg kutafuta maisha, akapata kibarua cha kufungasha santuri kwenye kampuni ya Gallo. Mwaka 1939 Gallo haohao wakamwingiza studio na kundi lake, Original Evening Birds. Wimbo wenyewe, Mbube, una maneno machache: besi zinazunguka chini, Linda anapaa juu kwa sauti nyembamba. Walirekodi mara tatu. Mara ya tatu, karibu na mwisho, Linda akaachia melodi ambayo hakuipanga, ikamtoka tu papo hapo, sekunde chache. Isikilizeni ile santuri hadi mwisho, mtaikuta. Ndiyo hiyohiyo Wamarekani waliyokuja kuibandika maneno ya Kiingereza, na ndiyo watoto wenu wanaimba.

Malipo ya kuwaachia Gallo haki za wimbo: shilingi 10.

Santuri ikauzwa sana Afrika Kusini, kisha ikavuka bahari. Kundi la Kimarekani, The Weavers, wakauimba wimbo na kuutoa kwa jina la Wimoweh, na kwenye nafasi ya mtunzi wakaandika "Paul Campbell", mtu ambaye hayupo duniani, jina la bandia la wao wenyewe. (Pete Seeger, mmoja wa The Weavers, angalau baadaye aliagiza Linda apelekewe pesa, hilo nampa haki yake.) Mwaka 1961 kundi la The Tokens wakashika namba moja Marekani na The Lion Sleeps Tonight, watunzi wakaandikwa George Weiss na wenzake wawili. Mwaka uliofuata Linda akafa maskini, na kwa miaka mingi kaburi lake halikuwa hata na jiwe.

Sasa mnaniambia alisaini. Mfanyakazi mweusi, Johannesburg ya wakati ule, hana wakili, karatasi kaletewa na tajiri anayemlipa mshahara. Mnayaita hayo makubaliano?

Na hata mkiyaita hivyo, bado mmekosea. Sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya 1911, iliyotumika pia Afrika Kusini, ilisema haki alizouza mtunzi zinarudi kwa warithi wake miaka 25 baada ya kifo chake. Linda alifariki 1962. Hesabuni wenyewe: 1987. Filamu ya Disney ya The Lion King, yenye wimbo huo ndani, ilitoka 1994, na binti zake walikuwa wakiishi Soweto kwa shida. Ilibidi mwanasheria Owen Dean aanzishe kesi dhidi ya Disney mwaka 2004 ndipo, 2006, kampuni iliyoshika wimbo, Abilene Music, ikakubali kuwalipa na kumtambua Linda kuwa mtunzi mwenza. Mtunzi mwenza! Wa melodi iliyotoka kooni mwake!

Mtangazaji, najua unasoma hapa. Ukiupiga tena, taja kwanza jina la Solomon Linda. Na wewe unayekuja hapa na "si alisaini", nijibu hili kabla hujaandika kingine: mirabaha (malipo ya mwenye haki za wimbo) ya kuanzia 1987 ilikuwa mali ya nani?