Siku tano Walt Disney World tukiwa na watoto watatu na bibi yao: tupange vipi?

MamaWatatu anauliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Mimi na mume wangu tunapanga kuipeleka familia Walt Disney World, eneo la bustani za burudani karibu na jiji la Orlando katika jimbo la Florida, Marekani, watoto watakapofunga shule mwezi wa Julai. Tutakuwa sita: sisi wawili, binti yetu wa miaka 10 asiyeogopa chochote, mdogo wake wa kiume wa miaka 6 mwenye urefu wa sentimita 110, kitinda mimba wa miaka 3 ambaye bado hulala mchana, na mama mkwe wangu, ambaye bado ana nguvu zake isipokuwa magoti yanamsumbua anaposimama kwa muda mrefu.

Tutakuwa na siku tano kamili, na tiketi bado hatujazinunua. Ratiba nyingi ninazozisoma zimepangwa dakika kwa dakika, kana kwamba lengo ni kumaliza kila mchezo wa kupanda uliomo, nami nahofia kwamba tukizifuata tutamaliza safari tukiwa hoi na tukinuniana. Naomba ushauri kwa aliyewahi kwenda na familia yenye umri mchanganyiko kama yetu: tuzigawe vipi siku hizo, tufanye nini ili mkubwa asikose raha yake kwa sababu ya mdogo, na bibi asigeuke kuwa mlinzi wa mikoba?

Mtembezi anajibu:

Dada, hofu yako ni ya haki, na ningeshauri muanzie hapo hapo. Kabla ya kufungua ramani, kaeni nyumbani na kila mmoja, bibi akiwemo, ataje jambo moja ambalo akilikosa atasikitika. Mambo hayo sita ndiyo safari yenu, na mengine yote yawe nyongeza mtakayoipata nafasi ikiruhusu. Ninasema hivi kwa sababu eneo lenyewe ni kubwa mno kuliko watu wanavyodhani: ni takriban kilomita za mraba 100, na ndani yake mna bustani nne zinazojitegemea, yaani Magic Kingdom iliyofunguliwa mwaka 1971, EPCOT ya mwaka 1982, Hollywood Studios ya mwaka 1989 na Animal Kingdom ya mwaka 1998. Kutoka moja hadi nyingine ni mwendo wa basi au gari, kwa hiyo anayejaribu kuona mbili kwa siku moja akiwa na mtoto wa miaka 3 hutumia sehemu kubwa ya siku hiyo akiwa njiani.

Kwa siku tano, mimi ningechukua tiketi za siku nne, bustani moja kwa siku, na siku ya tatu ningeiacha wazi kabisa kwa ajili ya kuogelea hotelini na kulala. Siku hiyo ya mapumziko ndiyo watu huifuta kwanza wanapoona tiketi ya siku ya tano haiongezi gharama kubwa, na ndiyo hiyo hiyo inayoamua kama siku ya nne itakuwa ya furaha au ya vilio. Mkumbuke pia kwamba mtoto aliyetimiza miaka 3 hukatiwa tiketi ya mtoto, na aliyetimiza miaka 10 hukatiwa tiketi ya mtu mzima, kwa hiyo hesabuni umri watakaokuwa nao siku mtakayoingia, si umri wa leo.

Kuhusu foleni, inafaa mjue kinachozisababisha. Kila mchezo una idadi ya watu unaoweza kuwabeba kwa saa, na idadi hiyo haibadiliki sana asubuhi wala mchana, ilhali watu waliomo ndani huzidi kuongezeka tangu milango inapofunguliwa hadi alasiri. Ndiyo maana saa ya kwanza ya asubuhi huwa na thamani kuliko saa kadhaa za mchana. Wageni waliolala katika hoteli za Disney zenyewe huruhusiwa kuingia nusu saa kabla ya wengine katika bustani yoyote, siku yoyote. Kama hoteli yenu ni mojawapo, tumieni nusu saa hiyo kwa mchezo mmoja tu wenye foleni ndefu zaidi.

Jambo moja ambalo ramani haikuambii waziwazi: mkienda Magic Kingdom kwa gari, maegesho yake yako ng'ambo ya ziwa. Mkishaegesha, mnapita ukaguzi wa mikoba, kisha mnapanda kivuko au treni ya reli moja ndipo mfike langoni. Anayetaka kuwa ndani milango inapofunguliwa hana budi kuwa maegeshoni mapema sana, na ni heri watoto wawe wameshapata kifungua kinywa.

BibiWajukuu anajibu:

Binti yangu, nimefurahi kuona umemkumbuka mama mkwe wako katika swali lako, kwa kuwa watu wengi hutupanga sisi wazee mwishoni, baada ya mambo yote kuamuliwa. Nimewahi kwenda huko na wajukuu, nami nitazungumzia hasa magoti.

Mtu mwenye afya njema anaweza kutembea kilomita 10 au zaidi kwa siku katika bustani hizi bila kukusudia. Mama yako asisubiri hadi maumivu yaanze ndipo aombe kiti cha magurudumu. Karibu na lango la kila bustani hukodishwa viti vya kusukumwa na vile vya umeme, lakini havihifadhiwi kwa atakayechelewa, na vya umeme hupungua upesi. Zungumzeni naye mapema, kwa heshima, mkiwa faragha, ili asijione amekuwa mzigo mbele ya wajukuu. Mwambieni ukweli kwamba akiwa na kiti ataweza kubaki nanyi hadi fataki za usiku, na asipokuwa nacho huenda akalazimika kurudi hotelini kabla ya saa tisa.

Julai ya Florida ina joto la nyuzi 33 hivi mchana, pamoja na unyevunyevu unaolifanya lionekane kali zaidi, na alasiri nyingi hunyesha mvua ya radi. Radi ikikaribia, michezo ya nje husimamishwa hadi hali itulie. Msiione mvua hiyo kuwa hasara. Wengi hukimbilia lango la kutokea, nanyi mkiwa na makoti mepesi ya mvua mnaweza kuingia katika michezo ya ndani na kukaa pahali penye ubaridi. Pale Magic Kingdom kuna Carousel of Progress, ambako watu huketi kwa takriban dakika 20 huku ukumbi wenyewe ukizunguka. Pale EPCOT kuna Living with the Land, mashua inayopita polepole katikati ya vitalu vya mimea inayooteshwa kweli. Haya ndiyo maeneo ambayo mzee na mtoto wa miaka 3 hufurahi pamoja, na mdogo wenu akisinzia mapajani hakuna atakayemsumbua.

Siku ya Animal Kingdom, nendeni asubuhi mapema kwenye Kilimanjaro Safaris. Ni lori la wazi linalopita katikati ya twiga, viboko, faru na simba, halina kipimo cha urefu, na ninyi nyote sita mtakaa pamoja. Linaanzia Harambe, mji wa kubuni wa Afrika Mashariki, na mama yako akizungumza Kiswahili atakuwa na mengi ya kuwasomea wajukuu katika vibao vilivyoko pale. Asubuhi kabla ya joto kupanda wanyama wengi huwa wanatembea. Mchana wengi hutafuta kivuli.

Na neno la mwisho kuhusu kuwa pamoja: si lazima mwandamane kila saa. Kutaneni asubuhi, mtengane baada ya chakula cha mchana, mkutane tena jioni. Mzee naye hupenda saa yake moja ya kukaa kwenye benchi akiangalia watu, mradi awe ameichagua mwenyewe.

MamaWatatu anajibu:

Shikamoo mama, na asante sana. Maneno yako kuhusu kiti nitayafikisha kama yalivyo, kwa kuwa tulikuwa hatujui tuanzeje mazungumzo hayo. Asante na wewe, Mtembezi. Wazo la kila mtu kutaja jambo moja tumeshalianza leo mezani, na kijana wetu wa miaka 6 amechagua Space Mountain, ile treni ya kasi ya gizani pale Magic Kingdom. Hapo ndipo penye tatizo jipya: nimesoma kwamba kuna kipimo cha urefu. Je, kwa sentimita 110 ataruhusiwa? Na hii huduma ya kulipia ili kupita njia ya haraka, inafaa familia kama yetu au ni kupoteza fedha?

Mwalimu_Mkaazi anajibu:

Dada, kwa Space Mountain kipimo ni sentimita 112, na wafanyakazi wa langoni humpima mtoto bila upendeleo, kwa sababu vizuizi vya usalama vimetengenezwa kwa mwili wa urefu huo. Huenda akaongezeka kidogo kabla ya Julai, lakini msimpe ahadi. Mpimeni nyumbani akiwa amevaa viatu atakavyosafiria, tena mpimeni mbele yake, mumwonyeshe mstari wenyewe ukutani. Mtoto anayejua tangu nyumbani kwamba bado sentimita mbili huumia kidogo na kusahau. Anayeambiwa hivyo baada ya kusimama kwenye foleni huku dada yake akipita, huumia siku nzima, na mkiwa wazazi mtakuwa hamna la kumpa.

Mpeni mbadala sasa hivi. Kwa urefu wake anaruhusiwa Seven Dwarfs Mine Train na Slinky Dog Dash, zote zenye kipimo cha sentimita 97, anaruhusiwa Test Track yenye 102, na hata Guardians of the Galaxy: Cosmic Rewind pale EPCOT, yenye kipimo cha 107, ambayo kwa maoni yangu inatisha kuliko Space Mountain. Hiyo ya mwisho mjadili kwanza kama ataiweza, maana urefu wa kutosha si sawa na utayari. Miongoni mwa ambazo hataruhusiwa, pamoja na Space Mountain, ni Expedition Everest na Avatar Flight of Passage, zenye 112, na TRON, yenye 122.

Kwa michezo hiyo kuna utaratibu wa kubadilishana, nao haulipiwi. Mnafika langoni wote na kumweleza mfanyakazi kwamba mna watoto wasiofikia kipimo. Mzazi mmoja huingia na binti yenu, mwingine hubaki nje na wadogo, na wa kwanza akitoka wa pili huingia kwa njia fupi bila kusimama foleni upya. Mara nyingi mtoto mkubwa huruhusiwa kurudia na mzazi wa pili, kwa hiyo binti yenu ndiye atakayefaidi zaidi. Kumbukeni tu kuuomba kabla ya yeyote kuingia.

Kuhusu njia ya haraka, inayoitwa Lightning Lane, mimi siilaani wala siisifu kwa jumla. Aina ya kawaida hukuruhusu kuchagua michezo mitatu mapema na saa za kuiingia. Wageni wa hoteli za Disney huchagua siku saba kabla ya kufika, na wengine siku tatu kabla, kuanzia saa moja asubuhi kwa saa za Florida. Michezo michache inayopendwa mno huuzwa peke yake. Bei hubadilika kulingana na bustani na siku. Kwa familia yenu ningeilipia siku ya Magic Kingdom, kwa kuwa pale ndipo penye michezo mingi ambayo kitinda mimba naye anaingia, hivyo fedha ya kila tiketi inatumika. Animal Kingdom ningeacha, kwani michezo yake ni michache na mkiamka mapema mtaikuta na foleni fupi. Kumbukeni kwamba mnalipa kwa kila mtu. Kama bibi hatapanda michezo mliyoichagua, hakuna haja ya kumlipia.

Hapa ninatofautiana kidogo na Mtembezi. Kuwahi asubuhi kunafaa, lakini si siku zote nne kwa mtoto anayelala mchana. Angalau siku moja amkeni taratibu, muingie alasiri mdogo akiwa ameshalala, mbaki hadi kufunga. Saa za mwisho watoto wengi wanakuwa wameshaondoka, joto limeshuka, na anayejiunga na foleni kabla tu ya muda wa kufunga bado hupanda.

Mtembezi anajibu:

Nakubaliana na Mwalimu kuhusu hiyo siku moja ya jioni, na ningeiweka mara tu baada ya siku ya mapumziko, iwe ya EPCOT, ambayo kwa kawaida hufungwa saa tatu usiku na ina njia pana za kumsukuma bibi bila kubanwa. Animal Kingdom iwe siku ya kwanza, wakati saa za miili yenu bado hazijazoea na watoto wanaamka kabla ya jua. Kama mtabeba kigari cha mtoto, kisizidi upana wa sentimita 79 na urefu wa sentimita 132 kutoka mbele hadi nyuma, la sivyo kitazuiliwa langoni. Chakula chenu mnaruhusiwa kuingia nacho mradi hakiko katika chombo cha glasi, na maji baridi hutolewa bure kwenye vibanda vya vyakula vinavyouza vinywaji vya kumimina. Mkiomba bilauri kila mara mnapopita, hamtalazimika kubeba chupa nzito katika joto hilo.