Ujenzi wa programu ya Java katika OpenShift unakamilika, lakini podi inaanguka kila inapowaka

Swali: mhudumu_wa_mfumo

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninasimamia programu ya wavuti ya chama cha akiba na mikopo, iliyoandikwa kwa Java 17 na Spring Boot 3. Tumeamua kuihamishia kwenye klasta (kundi la seva) ya OpenShift, jukwaa la kujenga na kuendesha programu ndani ya kontena, ili ijengwe moja kwa moja kutoka hifadhi yetu ya Git, pasipo mtu kutengeneza faili la JAR (kifurushi cha programu ya Java) kwenye kompyuta yake na kulipandisha kwa mkono kama ilivyokuwa desturi. Mradi una moduli tatu chini ya `pom.xml` moja, yaani msingi, huduma na wavuti, na ni hiyo ya wavuti inayotoa JAR ya kuendeshwa. Nilianza hivi:

`oc new-app java:openjdk-17-ubi8~https://git.example.org/michango.git --name=michango`

Maven, zana inayojenga mradi kwa kufuata `pom.xml`, inamaliza kwa BUILD SUCCESS, imeji (kifurushi ambacho kontena huanzishwa nacho) inaingia kwenye rejista ya ndani, na hali ya ujenzi inasomeka Complete. Hata hivyo podi (kizio kinachobeba kontena) ikiwaka inakufa papo hapo na kuishia CrashLoopBackOff, yaani kuanguka na kuwashwa tena mfululizo, ilhali mradi huohuo unakwenda vizuri kwenye kompyuta yangu. Zaidi ya hapo, kila ujenzi unapakua maktaba zote upya, jambo ambalo kwa intaneti yetu ni mzigo mkubwa. Je, nianze kutafuta wapi?

Jibu: fundi_klasta

Ndugu, anza kwa kutofautisha logi mbili ambazo wengi huzichanganya. `oc logs bc/michango` (`bc` ni BuildConfig, maelezo ya ujenzi) inaonyesha kazi ya kontena la ujenzi, ambamo hati ya amri (script) ya `assemble` inaita Maven na kunakili matokeo yake kwenye saraka ya `/deployments`. `oc logs deploy/michango --previous` (`deploy` ni Deployment, maelezo ya uendeshaji) inaonyesha kontena la uendeshaji, ambamo hati ya `run` inatafuta JAR katika saraka hiyo na kuiwasha. Neno Complete linahusu kontena la kwanza tu, wala halisemi lolote kuhusu kilichomo ndani ya `/deployments`.

Kwa mradi wenye moduli, ninatarajia logi ya pili ilalamike kwamba JAR zilizopatikana ni 0 ilhali ilitakiwa iwepo 1. Hati ya `assemble`, isipoelekezwa vingine, hutazama `target` iliyo kwenye mzizi wa mradi, na katika mradi wako JAR imo ndani ya `wavuti/target`. Ielekeze hivi, kisha ujenge tena:

`oc set env bc/michango MAVEN_S2I_ARTIFACT_DIRS=wavuti/target MAVEN_ARGS_APPEND="-pl wavuti -am"`
`oc start-build michango --follow`

Angalia kwamba vigeu hivyo vimewekwa kwenye `bc`. Ukiviweka kwenye `deploy`, podi itawashwa upya kwa imeji ileile tupu na hutaona tofauti yoyote. Mimi hupendelea kuviandika katika faili la `.s2i/environment` ndani ya hifadhi ya Git, kwa kuwa atakayeurithi mradi atavikuta pamoja na msimbo.

Kuhusu upakuaji: kila ujenzi huendeshwa katika podi mpya yenye hifadhi tupu ya Maven. Kuweka `incremental: true` chini ya `sourceStrategy` kunaruhusu maktaba za ujenzi uliopita zitumike tena, mradi imeji ya ujenzi iwe na hati ya `save-artifacts`. Iwapo mna seva ya Nexus (ghala la maktaba za Java) ofisini, kigeu cha `MAVEN_MIRROR_URL` kitawafaa zaidi, maana miradi yenu yote ya Java itanufaika nayo.

Jibu: mzee_wa_seva

Naunga mkono maelezo hayo. Nitaongeza jambo utakalokutana nalo mara JAR itakapopatikana, nalo ni kumbukumbu. Endesha `oc describe pod` na usome sababu ya kufa kwa kontena. Ukiona OOMKilled na namba ya kutoka 137, yaani 128 kujumlisha ishara ya 9, basi kerneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji) ndiyo iliyoliua kwa kuvuka kikomo. Ukiona `java.lang.OutOfMemoryError` ndani ya logi, ni Java yenyewe iliyoishiwa nafasi, na mara nyingi kikomo cha kontena hakijaguswa. Dawa za hali hizi mbili zinakinzana: ya pili inaweza kuhitaji kupanua hipu (sehemu ya kumbukumbu ambamo Java huweka data ya programu), ilhali kuipanua katika ile ya kwanza kutaharakisha kifo.

Tangu Java 10 ya mwaka 2018, na Java 8 kuanzia sasisho la 191, mashine ya Java husoma kikomo cha kontena badala ya kumbukumbu ya mashine nzima. Isipopewa maelekezo hutenga robo yake kwa hipu, kwa hiyo kikomo cha MiB 512 huacha MiB 128 tu, ingawa baadhi ya imeji zilizoandaliwa huja na kiwango chake. Ukitaka kukiamua mwenyewe, weka `-XX:MaxRAMPercentage=60` kupitia `JAVA_OPTS_APPEND`, safari hii kwenye `deploy`, na usipande sana, kwa sababu nyuzi (threads) na metaspace (sehemu ya taarifa za klasi za Java) huishi nje ya hipu lakini huhesabiwa ndani ya kikomo kilekile.

mhudumu_wa_mfumo

Nashukuru sana. Logi ilisema vilevile kama alivyotabiri fundi_klasta, na sasa programu inawaka. Limebaki moja: mwanachama akipakia stakabadhi ya malipo, inatokea `Permission denied` kwenye saraka ya `/opt/stakabadhi`, ambayo kwenye kompyuta yangu inaandikika bila shida.

Jibu: fundi_klasta

Kwa kawaida OpenShift huendesha kontena kwa namba ya mtumiaji inayotolewa kwa kila mradi, nayo huwa kubwa na haijulikani ndani ya imeji. Kinachobaki thabiti ni kundi namba 0. Kwenye kompyuta yako huenda kontena linaendeshwa kama root, ndiyo maana kizuizi hiki hakikuonekana. Ungeweza kuipa saraka hiyo kundi 0 na ruhusa ya kuandika wakati wa ujenzi, lakini kwa stakabadhi sikushauri, kwani podi ikibadilishwa zitapotea zote. Omba hifadhi ya kudumu na uipachike palepale:

`oc set volume deploy/michango --add --type=pvc --claim-name=stakabadhi --claim-size=5Gi --mount-path=/opt/stakabadhi`

Kabla ya kuongeza podi ya pili, hakikisha hifadhi hiyo inakubali ReadWriteMany, yaani kupachikwa na nodi (mashine za klasta) nyingi kwa pamoja. Ikiwa ni ReadWriteOnce (nodi moja tu), podi itakayopangiwa nodi nyingine haitaweza kuipachika na itakwama kwenye ContainerCreating.